Kaburi la Tajiri, Kazi ya Fundi

   

Leo nataka tuzungumze kuhusu kaburi. Najua jioni mtu hupenda kusikia habari za uhai. Lakini kaburi nitakalowasimulia lina mengi ya kutuambia kuhusu walio hai: kuhusu fedha, kuhusu kazi ya mikono, na kuhusu kinachobaki mtu akishaondoka.

Nianze na swali. Unapopita mbele ya kaburi la fahari, lililojengwa kwa mawe ya gharama, lenye mlango na uzio, unajiuliza nini? Wengi wetu tunauliza: kalala nani hapa? Ni swali zuri. Ila jioni hii nawaomba mwongeze la pili: nani alilijenga? Shikeni maswali hayo mawili. Kalala nani, na nani alijenga. Nitayarudia.

Basi twende Chicago, Marekani. Mji huu uko kando ya Ziwa Michigan, ziwa kubwa kiasi kwamba ukisimama ufukweni huioni ng'ambo. Watu wa Mwanza, Bukoba na Kisumu mnanielewa. Upande wa kaskazini wa mji huo kuna makaburi yanayoitwa Graceland. Yalianzishwa mwaka 1860 na mwanasheria aitwaye Thomas Bryan. Wakati ule pale palikuwa nje ya mji. Leo mji umeyazunguka pande zote, treni za abiria zinapita pembeni yake, na ndani ya ukuta kuna miti mikubwa, kidimbwi cha maji, na nyumba za mawe walimolala matajiri wa karne ya kumi na tisa.

Kwa nini walikwenda kuzikana mbali na mji? Sababu ya kwanza ilikuwa afya. Zamani watu wa Chicago walizikana kwenye makaburi ya mji yaliyokuwa karibu kabisa na ziwa. Ardhi ya pale ni ya mchanga, maji hayako mbali chini, na ziwa hilo hilo ndilo lililowapa watu maji ya kunywa. Kipindupindu kilikuwa kikiua. Madaktari walipiga kelele, na mwishowe mji ukayafunga makaburi yale. Maelfu ya miili ikafukuliwa na kuhamishiwa makaburi mapya, Graceland yakiwemo, na pale ufukweni pakafanywa bustani ya watu wote, iitwayo Lincoln Park.

Sasa sikilizeni. Kuna nyumba moja ya kaburi ambayo haikuhama. Ni ya familia ya Ira Couch, mwenye hoteli maarufu ya Tremont House enzi zile. Ilijengwa mwaka 1858, kwa mawe makubwa mazito. Inaelezwa kwamba gharama ya kuivunja na kuihamisha ilikuwa kubwa mno. Ikabaki. Hadi leo imesimama peke yake pembezoni mwa bustani, watu wanapita na baiskeli, watoto wanacheza, na wengi hawajui kwamba eneo lile lote liliwahi kuwa makaburi. Likumbukeni hilo la Couch. Jengo lililoachwa kwa sababu ni zito na ni kaburi. Mbele kidogo mtaona kwa nini nimelitaja.

Turudi Graceland. Wenye fedha walipohamia huko na wafu wao, walikwenda kwa fahari. Potter Palmer, mfanyabiashara wa nguo aliyejenga hoteli ya Palmer House, analala na mkewe Bertha katika jengo la nguzo, mfano wa hekalu la Wayunani wa kale, juu ya kidimbwi. Marshall Field, mwenye duka kubwa kuliko yote mjini, amewekewa sanamu ya mwanamke aliyeketi, kazi ya Daniel Chester French, mchongaji yule yule aliyemchonga Rais Lincoln aliyeketi kule Washington.

Huyu Field hatuko mbali naye kama tunavyodhani. Wasikilizaji wa Voi, Mtito Andei na Taita, nisikilizeni. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwaua wafanyakazi waliokuwa wakijenga reli ya Uganda, mpaka kazi ya daraja ikasimama. Aliyewapiga risasi, Patterson, alikaa na ngozi zao miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaziuza. Aliuza wapi? Chicago, kwenye jumba la makumbusho lililoanzishwa kwa fedha za Marshall Field na linaloitwa kwa jina lake. Simba wale wapo kule mpaka leo, wamesimamishwa ndani ya kioo. Kwa hiyo jina lililochongwa Graceland ni jina lile lile lililoandikwa kwenye nyumba wanamokaa simba wa Tsavo.

Na yupo George Pullman. Huyu alitengeneza mabehewa ya kulala ya treni, yale ya kifahari. Waliowatumikia abiria ndani yake, waliowatandikia vitanda na kuwabebea mizigo, walikuwa kwa wingi Wamarekani weusi, wengine watoto wa waliokuwa watumwa. Pullman alijenga mji mzima kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda chake na yeye mwenyewe akawa mwenye nyumba wao. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893 alipunguza mishahara, kodi ya nyumba hakuipunguza. Mwaka 1894 wakagoma. Serikali ikapeleka jeshi, watu wakafa. Miaka mitatu baadaye Pullman naye akafariki, na familia yake ikaogopa kwamba wafanyakazi wangekuja kuufukua mwili. Wakamzika ndani ya jeneza lenye tabaka la risasi, katika shimo kubwa lililojazwa zege, na juu yake wakalaza reli za chuma, kisha zege tena. Hebu fikirini, ndugu zangu. Mtu amekufa, na bado anawekewa ulinzi dhidi ya watu waliomtengenezea mali. Mimi katika makaburi yote ya Graceland, hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi.

Haya. Hao nimewapitia haraka kwa makusudi, maana kaburi ninalotaka tulisimamie leo ni dogo kuliko hayo. Ni la familia ya Getty.

Wengine mkisikia Getty mnawaza mafuta, yule tajiri wa petroli. Siye. Huyu ni Henry Harrison Getty, mfanyabiashara wa mbao. Na mbao katika Chicago ya wakati ule zilikuwa mali kweli kweli. Misitu ya Michigan na Wisconsin ilikatwa, magogo yakashushwa mitoni, mbao zikavushwa ziwani kwa meli mpaka Chicago, na kutoka pale zikasambazwa kwa treni hadi kwenye nyanda zisizo na miti ambako wakulima walikuwa wakijenga nyumba. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Baada ya moto ule kila mtu alikuwa anajenga upya. Aliyekuwa na mbao alikuwa na dhahabu.

Mshirika wa Getty katika biashara hiyo alikuwa Martin Ryerson. Ryerson alipofariki mwaka 1887, mwanawe alimtafuta msanifu majengo kijana amjengee baba kaburi. Msanifu huyo alikuwa Louis Sullivan. Akachora jengo la matale meusi yaliyong'arishwa, pana chini, likisinyaa kuelekea juu, na kileleni piramidi. Ni jengo zito, la kutisha kidogo. Kisha mwezi wa Februari mwaka 1890 mke wa Getty, Carrie Eliza, akafariki. Mumewe akaenda kwa Sullivan yule yule.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana nataka mlione jengo hili kwa masikio.

Ni nyumba ndogo ya mawe, karibu ipate umbo la sanduku. Haina nguzo za Kiyunani. Haina minara ya kanisa. Imejengwa kwa jiwe la chokaa la rangi ya kijivu iliyofifia, lililotoka jimbo la Indiana. Nusu ya chini ya ukuta ni laini kabisa, jiwe juu ya jiwe, halina pambo lolote. Unatazama, macho yanapumzika. Kisha ghafla, kuanzia katikati kwenda juu, ukuta wote umegawanywa katika maumbo ya pembe nane, moja kando ya jingine, na ndani ya kila pembe nane kuna nyota iliyochongwa. Wazee wa Zanzibar na Lamu mnaoijua kofia ya viua, ile inayoshonwa kwa sindano miezi na miezi hadi kitambaa kijae vitundu, mtanielewa nikisema kwamba ukuta ule umeshonwa hivyo hivyo, ila kwa jiwe.

Mbele kuna mlango wenye tao. Mawe ya tao yametandazwa kwa upana mkubwa, yanaanza mlangoni na kufunguka juu, yamezungushiwa mistari ya mapambo membamba. Na ndani ya tao, lango la shaba nyeusi. Lango hilo, wasikilizaji, ndilo moyo wa kazi nzima. Ni majani, ni vikonyo, ni mistari inayozunguka na kurudi, na yote imepangwa ndani ya hesabu kali ya mraba na duara. Hewa ya miaka mingi imelipaka kijani. Ubavuni kuna madirisha, nayo yana matao yake na shaba yake.

Kwa nini jengo hili dogo lilifanya kelele? Kwa sababu wakati ule tajiri wa Marekani akitaka jengo la heshima, aliazima kwa wengine. Aliazima kwa Wayunani, aliazima kwa Wamisri, aliazima kwa makanisa ya zama za kati za Ulaya. Sullivan mwenyewe kwa Ryerson alikuwa ameazima umbo la Misri. Lakini kwa Carrie Eliza Getty alijaribu kitu ambacho huwezi kukionyesha kidole ukasema, hiki katoa mahali fulani. Na wataalamu wengi wa usanifu wanalihesabu kaburi hili kuwa miongoni mwa hatua za mwanzo za usanifu wa kisasa Marekani. Karibu na wakati huo huo alichora jengo refu la Wainwright huko St. Louis, mojawapo ya maghorofa marefu ya kwanza yaliyofikiriwa kama maghorofa hasa. Na mke kijana wa mwenye jengo hilo alipofariki, Sullivan akamjengea naye kaburi, mara hii mraba wenye kuba juu, na wengi wakiliona hukumbuka makuba ya makaburi ya Afrika ya Kaskazini.

Nirudie swali letu. Kalala nani? Carrie Eliza Getty, na baadaye mumewe, na binti yao Alice. Nani alijenga? Louis Sullivan alichora, na watu ambao majina yao hayatajwi wakakata mawe na kumimina shaba.

Sasa nimfuate Sullivan kidogo, maana hadithi yake inaniuma.

Alizaliwa Boston mwaka 1856. Akiwa kijana alikuwa mshirika wa Dankmar Adler, mhandisi hodari. Adler alishika hesabu, uzito na sauti, Sullivan akashika umbo na mapambo. Wawili hawa walijenga Auditorium, jumba la muziki ambalo Chicago inajivunia hadi leo. Katika ofisi yao alifanya kazi kijana mmoja aliyekuja kuwa maarufu kuliko wote, Frank Lloyd Wright, na Wright hakuacha kumwita Sullivan bwana wake wa kazi hadi uzeeni.

Kisha ukaja ule mporomoko wa uchumi wa 1893. Kazi zikakatika. Mwaka 1895 Adler na Sullivan wakaachana. Tangu hapo Sullivan alipata kazi chache, na mara nyingi ndogo: benki za miji midogo ya wakulima. Benki hizo ni nzuri ajabu, lakini hazikumlisha. Mwaka 1909 ikabidi vitu vyake viuzwe kwa mnada, vitabu, picha, samani. Akaishia kwenye chumba cha hoteli, akisaidiwa na marafiki. Miaka yake ya mwisho alikuwa akichora kwa penseli michoro ya mapambo, ukurasa kwa ukurasa, kuonyesha jinsi mbegu moja inavyoweza kufunguka ikawa jani, likawa ua, likawa pambo la jengo. Tarehe 14 Aprili 1924 akafariki.

Na alizikwa wapi? Graceland. Kwenye makaburi yale yale alimowajengea wateja wake nyumba za mawe. Yeye hakuwa na nyumba. Hadi mwaka 1929, miaka mitano baadaye, ndipo waliompenda walipochanga fedha wakamwekea jiwe. Ni jiwe kubwa la matale, lina bamba la shaba lenye sura yake ndani ya pambo la aina aliyoibuni mwenyewe. Naona vizuri walivyofanya. Ninachokiona vibaya ni kwamba mtu aliupa mji uso wake, na mji ukangoja hadi afe ndipo uchange.

Hata hivyo kuna jambo hapa la kushangaza, na ndilo lililonifanya nichague mada hii. Majengo makubwa ya Sullivan, yale ya biashara yaliyokuwa katikati ya mji, yalipatwa na nini? Mengi yalivunjwa. Jumba la michezo ya kuigiza la Schiller, lililokuja kuitwa Garrick, lilivunjwa mwaka 1961. Soko la Hisa la Chicago likavunjwa mwaka 1972. Ardhi ilikuwa imepanda bei. Mwenye ardhi alitaka ghorofa refu zaidi, au alitaka maegesho ya magari. Uzuri haukumpa kodi.

Palikuwa na mpigapicha mmoja, Richard Nickel, ambaye hakulikubali hilo. Kila jengo la Sullivan lilipohukumiwa kuvunjwa alikwenda na kamera, akapiga picha kila pembe, kisha akaingia na nyundo na patasi kuyaokoa mapambo kabla tingatinga halijafika. Mwezi wa Aprili 1972 aliingia peke yake katika Soko la Hisa lililokuwa limeshavunjwa nusu. Sakafu ikaporomoka juu yake. Mwili wake ulipatikana baada ya wiki kadhaa. Alikuwa na umri wa miaka 43. Naye amezikwa Graceland, si mbali na Sullivan.

Mmeona sasa? Jengo la biashara lilivunjwa. Jumba la michezo likavunjwa. Kaburi la Getty limebaki. Kwa nini? Kwa sababu ardhi ya makaburi haiuzwi kama kiwanja cha sokoni. Kwa sababu watu wanaona haya kumvunjia maiti nyumba. Mwaka 1971, mwaka mmoja kabla Nickel hajafa, mji wa Chicago ulilitangaza kaburi hilo kuwa urithi unaolindwa na sheria. Na makaburi yenyewe yana mfuko wa matunzo, unaosimamiwa na wadhamini, tangu enzi za waanzilishi. Kumbukeni lile la Ira Couch kule bustanini. Mji mzima wa wafu ulihamishwa, ukuta mmoja mzito ukabaki.

Kwa hiyo nasema, na narudia: Getty alilipa ili kumbukumbu ya mkewe idumu. Kumbukumbu hiyo imedumu, ndiyo. Lakini pamoja nayo amehifadhi kitu ambacho huenda hakukifikiria, nacho ni mkono wa fundi. Wanafunzi wa usanifu wanaosafiri leo kutoka pande zote za dunia kwenda kusimama mbele ya lango lile la shaba, wanakwenda kwa ajili ya Sullivan. Wengi wao hawajui Getty alikuwa nani. Wanalijua jina lake kwa sababu ya aliyemjengea.

Nitaje na mwingine kabla hatujarudi nyumbani. Jack Johnson, bondia, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, taji alilolitwaa Sydney mwaka 1908. Sheria zilizotumiwa kwa ubaguzi zilimwandama, akafungwa, na msamaha wa serikali ulikuja mwaka 2018, miaka 72 baada ya kifo chake. Yuko Graceland pia, kando ya mkewe Etta. Kwa muda mrefu palikuwa na jiwe lenye jina la ukoo tu, Johnson, bila kusema ni Johnson yupi. Fikirini, mtu aliyewahi kutikisa dunia. Makaburi haya haya yana hekalu la muuza nguo.

Sasa wasikilizaji, msije mkasema hayo ni ya Marekani. Sisi wa Pwani tulijenga makaburi ya fahari kabla Chicago haijakuwapo. Nendeni Kunduchi, hapo Dar es Salaam. Nendeni Kaole, karibu na Bagamoyo. Nendeni Malindi, nendeni Gedi. Mtakuta makaburi ya nguzo: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, umechorwa mapambo, na kutoka ukutani inapanda nguzo ndefu. Kwenye nguzo na ukutani palipachikwa bakuli na sahani za Kichina, zilizovuka bahari kwa majahazi. Nani alikuwa na uwezo wa kupachika sahani ya China kaburini? Tajiri. Familia za wafanyabiashara, za masharifu, za watawala wa miji.

Na pale Kaole nini kimebaki? Misikiti, na makaburi. Nyumba walimokula, walimolala, walimopangia biashara, nyingi zimekwenda. Ni jambo lile lile la Chicago. Ya kuishi yakabomoka, ya kuzikia yakasimama. Ukitaka kujua waashi wetu wa miaka mia sita iliyopita walikuwa na mkono gani, makaburi ni mahali pamoja ambapo bado unaweza kuutazama mkono huo.

Ila bakuli nyingi zimeng'olewa. Ukienda Kunduchi utaona mashimo ya duara ukutani mahali zilipokuwa. Watu walizichokoa, wengine wakauza, wengine wakachukua tu. Na hapo hakuna mfuko wa wadhamini, na mlinzi mmoja hawezi kuyazunguka yote. Mimi nasema wazi: aliyeng'oa bakuli lile aliiba mara mbili. Alimwibia aliyelala pale, na alimwibia fundi.

Najua wapo miongoni mwenu ambao dini yao haipendi kaburi lijengewe, na wanataka udongo tu na alama. Naheshimu msimamo huo, na kuna utulivu mkubwa katika kaburi la udongo. Najua pia wapo ambao siku hizi hawaridhiki bila vigae, marumaru, picha ya marehemu na paa juu. Familia inakopa, inauza ng'ombe, ili kaburi lisizidiwe na la jirani. Hapo sikubaliani. Watoto wa marehemu wakikosa ada ya shule kwa sababu ya vigae, hatujamheshimu marehemu. Getty alitumia ziada. Sisi mara nyingi tunatumia mtaji.

Lakini kama familia imeshaamua kujenga, na uwezo upo, basi nina ombi. Mtafuteni fundi mwenye mkono wake. Yule mwashi wa kijijini anayejua kuchonga tumbawe. Yule mchonga milango wa Lamu au wa Zanzibar. Yule mhunzi anayejua kukunja chuma kikawa jani. Msikimbilie tu kiwandani kuchukua kigae kile kile kilichoko bafuni. Mpeni fundi kazi, mpeni muda, mlipeni. Na mkimaliza, mkishaandika jina la marehemu na tarehe zake, pale chini pembeni, kwa herufi ndogo, andikeni na jina la fundi.

Nilimtaja Alice, binti wa Getty. Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mbao, akaenda kuishi Ufaransa, akawa mtaalamu wa miungu na sanamu za Ubudha wa kaskazini, na kitabu chake cha mwaka 1914 bado kinasomwa na wanaofuatilia mambo hayo. Naye alirudishwa kulala na mama yake, nyuma ya lango lile la shaba. Nafurahi kulijua hilo. Mwanamke aliyetumia maisha yake kusoma kazi za wachongaji wa Asia, amelala ndani ya kazi ya mmoja wa wachoraji bora wa mapambo ambao Chicago iliwahi kuwapata.

Basi, ndugu wasikilizaji, kuna kazi ya kufanya wiki hii. Kila mji wetu una kaburi, mlango, baraza, kisima au mimbari ambayo watu wanaisifia. Muulizeni mzee mmoja: nani alijenga? Akilijua jina, liandikeni, pamoja na mahali na jina la aliyewasimulia, mtutumie kwa barua au kwa ujumbe wa simu kupitia kipindi hiki hiki. Majina nitakayoyapata nitayasoma hapa, moja baada ya jingine, wiki ijayo saa kama hii. Kama mzee hakumbuki, muulizeni wa pili. Hasa nyinyi wa Bagamoyo, Kilwa, Pate na Siyu, nangojea barua zenu.

Mimi naishia hapo kwa leo. Fundi mitambo ananionyesha kidole, wakati wa taarifa ya habari umewadia.